Sosiete Nne za Mtu Mmoja

Wakati ule nilikuwa nauza maziwa na fromaji, jibini yetu ya huko, pale Ngungu, na mume wangu alikuwa kiongozi wa ushirika wa wafugaji. Barabara ndiyo iliyotuua. Mvua ikinyesha, maziwa yalichacha kabla ya kufika mji wa Sake, tukayamwaga njiani huku tukisonya.

Ndipo akaja mtu kutoka Goma, patron mwenyewe, yaani tajiri mwenye kampuni, na kamioneti mpya ya kijani, gari dogo la mizigo. Alisema kampuni yake, sosiete kama alivyoiita, inaunda gari hilo hapa hapa Kongo, kwa ajili ya matope yetu. Akatupakia, tukazunguka soko, akina mama wakapiga vigelegele.

"Muuzishe ngombe kidogo, mununue hisa," alituambia. "Gari za kwanza zitakuwa zenu."

Jumapili mume wangu alisimama kanisani akawaomba watu nao wanunue hisa. Sisi wenyewe tuliuza yule ng'ombe mwekundu ambaye maziwa yake yaliwalea watoto wangu wote.

Msimu wa mvua ukapita, na mwingine tena. Simu ya patron ikawa haipokelewi. Habari ilipotufikia kwamba kiwanda kimefungwa, mume wangu alikaa mlangoni, chakula hakukigusa. Nikamwambia, "Papa, vaa viatu. Twende tukaone kwa macho yetu."

Kiwanda kilikuwa banda kubwa la mabati nje ya mji wa Goma. Mlinzi alituonea huruma, akafungua. Ndani tulikuta mabodi mawili ya kamioneti, yamepakwa rangi vizuri, hayana injini wala viti. Mume wangu aliinama akachungulia chini yake, akachungulia tena, kama mtu anayetafuta kuku aliyepotea.

"Na ile tulipanda?" aliuliza.

"Ile ilinunuliwa ngambo, ilikuja tayari," mlinzi alijibu. "Hapa walibandika tu alama yao."

Akatuelekeza kwa avoka, mwanasheria wa kampuni, mjini. Avoka yule alitupokea kwa upole ulioniudhi kuliko matusi.

"Papa, Mama, mutanisamehe," alisema. "Sosiete yenye iliwauzishia hisa iko ingine. Yenye ilijenga kiwanda iko ingine. Kiwanja iko ya sosiete ya tatu, ya bibi ya patron, muke wake. Na feza zilienda kwa sosiete mama, yenye iko ku Ulaya."

"Na ile ya kwanza, yenye ilikamata feza ya ngombe yetu?" nikauliza.

"Ile ilishakufa, Mama. Haina kitu."

"Na patron?"

"Patron alikopesha sosiete zake. Kwa sheria, yeye pia anadai."

Damu ilinipanda kichwani. Anadai! Mtu aliyekunywa maziwa kwangu, akasifu watoto wangu, alikuwa amejigawa mara nne ili popote tutakapobisha hodi tuambiwe si yeye. Na wasomi walikaa ofisini wakampangia hayo, wakayapiga mihuri, wakaenda kula.

"Mama gani huyo," nilipaza sauti, "mwenye anakula yote na kuacha watoto wake wanakufa?"

Avoka akatazama simu yake. Kisha akasema tukikubali kutoshtaki, patron atatupa hisa katika kampuni yake mpya, ya taa za jua. Mume wangu akacheka kicheko kibaya ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

"Twende, Mama," alisema.

Jumapili iliyofuata alieleza yote mbele ya watu, kisha akaacha uongozi. Jirani yetu mmoja, mjane aliyeuza mtamba wake wa pekee kwa sababu ya kumwamini, alitoka nje kabla hajamaliza. Mpaka leo hanijibu salamu. Simlaumu. Ninayemlaumu hayuko Ngungu.

Tulishtaki. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, halafu vita vikaja na hakuna aliyejua jaji amekimbilia wapi. Kortini kwenyewe hatujarudi, ila hatujafuta mashtaka, na hatutayafuta.

Juzi nilimsikia patron redioni, sauti ile ile laini, akiwafundisha vijana namna ya kuanzisha biashara. Nilizima. Kisha nikawasha tena, maana nilitaka kusikia kama atataja Ngungu. Mtangazaji alimshukuru sana, wakaweka muziki.