Kadi Haziondoki Bila Saini Yangu

Makabati ya kadi katika maktaba yetu ya chuo yana droo sabini na mbili. Nilizihesabu asubuhi, nikazihesabu tena baada ya chai, maana mkubwa wangu alikuwa amesema zinaondoka siku hiyo hiyo. Kadi zingekwenda sokoni kufungia karanga. Mahali pake tayari zilikuwepo kompyuta mbili zenye mfumo mpya wa kutafutia: unaandika neno moja, unaletewa kila kitu tulicho nacho.

Ilibaki karatasi moja tu, ya kukiri kwamba mfumo umekamilika. Ilitaka saini ya mtunza kadi, yaani mimi.

"Mama, weka saini tumalize," akasema shefu, huyo mkubwa wangu. "Bafundi banangoja kubeba makabati."

"Shefu, mi sinunuaka samaki bila kuangalia macho yake."

Nikavuta droo, nikachomoa kadi bila kuchagua: kazi ya kumaliza masomo ya mwanafunzi mmoja wa Isangi, juu ya nyavu na maji yanapopanda. Nikaandika jina lake kwenye kompyuta. Hakuna. Nikarudia herufi kwa herufi. Hakuna. Kadi ya pili hakuna, ya tatu hakuna. Mwishowe nikaandika "Profesa" peke yake, nikaegemea kiti. Zikamiminika zote, ukurasa baada ya ukurasa. Kumbe maprofesa wetu ndio walioandika kila kitu!

Nikawaita makarani wawili waliopewa kazi ya kunakili majina kwenye mfumo. Juu ya jalada la kila kazi kuna jina la mwanafunzi, na chini yake jina la profesa aliyemwongoza. Mfumo una nafasi moja tu ya mwandishi. Wao wakampa profesa kiti hicho kimoja. Mwanafunzi hata pembe ya mkeka hakupata.

"Mulimuogopa nani?" nikauliza.

"Mama, profesa akijitafuta akajikosa, nani atafukuzwa? Si sisi?"

Shefu akacheka sana.

"Bon, Shefu, na wewe ulisoma hapa, tafuta kazi yako," nikamwambia.

Akaandika jina lake. Hakuna. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaandika upya. Kazi yake ya miaka mitano ilikuwa imerithiwa na profesa wake, ambaye tulishamzika. Kicheko kikamkauka. Mimi sikuwa na ugomvi na mashine. Inatafuta haraka kuliko vidole vyangu. Lakini bila kadi, nani angejua kwamba imekosea?

"Donc, basi, droo zibaki mwezi mumoja, murekebishe," shefu akasema.

"Sita."

"Miwili."

"Saba."

"Mama! Unapandisha?"

"Ile sita ilikuwa bei ya rafiki. Na tunalinganisha kadi moja moja, mara mbili. Hakuna droo inatoka kabla ya ile kazi kwisha."

Akatazama kompyuta, akatazama mafundi waliokuwa wamekwisha kukamata kabati la kwanza kwa pembe zake. Akawapungia mkono waliache. Nami nikachukua ile karatasi, na palipongoja saini nikaandika kwa herufi kubwa: HAIJAKAMILIKA.

"Rekta, mkubwa wa chuo kizima, atakasirika," shefu akanong'ona.

"Akuje," nikasema. "Na yeye aliandika kazi yake ya masomo hapa hapa. Tutamutafuta pamoja."