Siku dada yangu alipolipalia makaa sufuria la umeme linaloongea

Wakuu, salaam kwenu wote mliomo humu, mliolala na mlio macho.

Naleta kisa kilichotokea nyumbani kwangu hapa Kaole, kwenye harusi ya binti yangu Salma. Ni kweli tupu. Ila wanaonijua wanajua mkono wangu kwenye chumvi ni mzito, kwa hiyo mkiona mahali pamezidi, punguzeni wenyewe.

Na mwandiko mniwie radhi. Shule mimi nilikuwa naipita kwa nje.

Iko hivi.

Nina dada yangu mkubwa, Mwanahawa, huku wote wanamwita Bi Hawa. Ni mpishi wa shughuli. Kutoka Kaole mpaka Mapinga, harusi ambayo Bi Hawa hakupika pilau yake, watu wanaulizana pembeni kama ndoa imeswihi.

Hiyo pilau, we acha tu. Nimeshuhudia mwanamke kaja kwenye hitma na nia ya kudai talaka hadharani, kapewa sinia ale na mumewe, wameondoka wameshikana mikono.

Shida ikawa moshi.

Maisha yake yote yuko juu ya mafiga, kuni mbichi, macho mekundu, kifua kikachoka. Kikohozi chake kikawa kinaamsha majogoo wa Unguja. Tulikuwa tunamtania, na yeye anatutania, mpaka siku aliposhindwa kutembea kutoka bombani mpaka mlangoni bila kukaa chini.

Hapo utani ukaisha. Tukampeleka hospitali. Daktari akamwambia kwa upole kabisa, mama, chagua, moshi au kifua.

Tukatoka pale na dada. Njiani akaniuliza, "Mdogo wangu, nikiacha kupika mimi nitakuwa nani?"

Mimi mwenye maneno kuliko redio nikamshika mkono tu, tukaenda.

Sasa bwana, katika hangaika hiyo ndipo wakaja vijana kutoka Dar. Wanajiita wabunifu. Kazi yao ni kubuni vitu vya teknolojia vya kuwafaa watu, na wanasema mambo ya siku hizi mtu hatengenezi kitu ofisini akaja kukutupia tu. Anakaa na wewe kwanza. Anakusikiliza. Wanaita design sijui ya nini, jina refu kama treni.

Kiongozi wao binti mmoja anaitwa Neema, mtoto wa Mbeya. Ana adabu huyo, shikamoo yake unaisikia kabla hujamwona.

Wakaleta sufuria la umeme.

Msifikirie vile vidude vya kupikia maharage ya watu wawili. Hili ni sufuria la shughuli. Ng'ombe anaingia mzima na pembe zake, na mchungaji akitaka kumsindikiza nafasi ipo. Moshi halitoi. Umeme ukikatika lina betri yake. Na kwenye mfuniko kuna spika, linaongea. Sauti ya kike, Kiswahili laini kuliko changu: "Maji yamechemka. Tafadhali weka mchele."

Mke wangu, Mama Salma, aliposikia mara ya kwanza alinigeukia akasema, "Haya, mke mwenzangu huyo kaingia na mguu wa kulia."

Neema akakaa na dada mchana kutwa anamuuliza. Mchele unaosha vipi, vitunguu unakaanga mpaka rangi gani, nyama inaingia lini. Dada anajibu, simu inarekodi. Hakuna kilichoachwa. Ndivyo tulivyodhani.

Wakajaribu supu, safi. Wakajaribu maharage, safi. Dada akaanza kulizoea, akawa analisalimia asubuhi.

Ikakaribia harusi ya Salma. Dada akatuita, akasema, "Pilau ya mwanangu naipika humo. Likinitoa kimasomaso, naendelea na kazi yangu. Likiniaibisha mbele za watu, naweka mwiko chini, msinibembeleze."

Na wakwe wenyewe wanatoka Fukayosi. Watu wa Fukayosi kwenye pilau hawana undugu na mtu, wakila kimya ujue umefeli.

Siku ikafika. Dada kaketi kwenye kiti kando ya sufuria, kanga safi, hana hata doa la masizi. Jirani yetu Bi Tatu akapita akasimama makusudi.

"Hawa, leo unapika au unachaji simu?"

"Nachaji tumbo lako," dada akamjibu, "maana tangu nikujue halijawahi kujaa."

Wakaangua kicheko, Bi Tatu akavuta kibao akakaa hapohapo.

Mambo yakaenda vizuri. Wakwe wakaingia, vigelegele ndani, Neema akaburutwa na kina mama wakamvalishe kanga akamwone bibi harusi. Sufuria likatangaza: "Chakula kitakuwa tayari hivi punde."

Dada akafunua mfuniko kuangalia.

Chini pilau imeiva. Juu inang'aa maji. Mfuniko umebana, mvuke hauna pa kwenda, unarudi kunyesha juu ya mchele.

Sasa ninyi wakuu wa bara, niwaeleze kidogo. Huku pwani wali ukikaribia kuiva tunaupalia. Unachota makaa ya moto unayapanga juu ya mfuniko, joto la juu linakutana na la chini, punje zinakauka na kuachana. Usipopalia, huo ni uji uliokosa sukari. Mtoto wa kike huku anajua kupalia kabla hajajua kusuka.

Na pembeni pale kulikuwa na jiko la makaa la kahawa ya wazee.

Mnaona inakokwenda.

Dada hata hakufikiri. Anaongea na Bi Tatu, wanamsema mtu, na mikono inafanya kazi yake yenyewe. Karudisha mfuniko, kachukua koleo, kachota makaa mekundu, kayapanga juu ya spika ile kwa ustadi kama anapanga vitumbua.

Sufuria likasema: "Joto limezidi. Tafadhali ondoa sufuria juani."

"Subiri mwenzangu, bado kidogo," dada akaliambia, akaendelea na umbea.

Likarudia. Sauti safari hii imekuwa nzito, ya kiume. Likarudia tena linaburuza maneno kama mlevi anayetafuta kwao. "Taaafadhaaali..." Shangazi mmoja wa Fukayosi aliyekuwa anapita akasema audhubillahi, akaingia ndani na kiatu kimoja.

Kisha moshi. Mweusi, wa plastiki, unakwangua koo.

Mtu mwingine angekimbia. Dada yangu akainama. Anataka kuokoa pilau, anayapukutisha makaa kwa upindo wa kanga, uso wote uko ndani ya ule moshi.

Akakohoa mara moja. Akakohoa tena. Akapiga magoti.

Wakuu, hapa sipunguzi wala siongezi. Nilimbeba dada yangu mikononi nikakimbia naye upande unaotoka upepo, na hakuwa na uzito, kama nimebeba nguo. Midomo imebadilika rangi. Bi Tatu anampepea kwa ungo huku analia. Ndani wanapiga vigelegele, hawana habari. Nje mimi nasikiliza kama pumzi nyingine itakuja.

Ikaja nusu. Ikakwama.

Neema kanusa plastiki inaungua, akatoka mbio na kanga nusu. Kang'oa waya wa umeme, kausukuma ule mfuniko mbali kwa mwiko, kaja akamkalisha dada wima, mgongo kwenye kifua chake, anamwambia polepole, "Vuta mama. Achia. Vuta tena. Tuko wote."

Sijui ilichukua muda gani. Mimi niliona nimezeeka, nimestaafu na nimezikwa hapo hapo.

Halafu ikaingia pumzi moja ndefu, mpaka mabega yakapanda. Ikafuata nyingine. Dada akafungua jicho moja.

"Pilau imeungua?"

Nilicheka wakuu. Nilicheka huku machozi yanashuka mpaka kwenye kanzu.

Tulitaka kumpeleka hospitali palepale, akakataa kunyanyuka mpaka aione pilau. Tukaangalia. Mfuniko ule kwa ndani una bamba la chuma, plastiki ilikuwa juu tu, hakuna tone lililoingia. Hata hivyo dada akasema, "Tabaka la juu litoeni lote. Sitaki mgeni wangu ale hofu."

Iliyobaki ikahamishiwa kwenye sufuria la kawaida, sinia juu, Mama Salma akapalia vile vya kwetu, huku dada anatoa amri kutoka kwenye kiti upande wa upepo. "Wifi, kushoto hapo makaa hayatoshi. Kushoto kwangu, siyo kwako."

Pilau ikatoka. Wakwe walianza kula wanapiga kelele, wakamaliza wanadai ya kufunga. Nikajua tumepona.

Ndiyo gari likampeleka dada kwa daktari. Akatazamwa, akapewa dawa, jioni akarudi kukagua sinia kama zimeoshwa.

Kesho yake Neema akaja, macho yamevimba. "Mama nisamehe. Nilikuuliza yote kasoro hilo."

"Na mimi nisamehe mwanangu, sikukwambia," dada akasema. "Lakini mtu akikusimulia safari yake, anakwambia na njiani nilikuwa navuta pumzi? Kupalia kwetu ndivyo kulivyo."

Wakaombana radhi pale mpaka chai ikapoa. Mwenzake Neema mmoja akapiga simu kutoka Dar, akasema dawa ni ndogo tu, wabandike onyo kwenye mfuniko, marufuku kuweka makaa. Neema akamjibu mbele yetu, "Watu wamepalia tangu enzi za mababu. Karatasi ndiyo itawaachisha? Tunabadilisha mfuniko."

Wakaondoka nalo. Nikasema moyoni, hao hatuwaoni tena.

Masika yalipoisha wakarudi. Mfuniko mpya, chuma kitupu, una joto lake juu, na spika wameihamishia ubavuni. Likifika wakati wake linasema lenyewe: "Sasa napalia."

Siku ya kwanza dada alisimama kando na koleo mkononi, hamwamini mtu. Akafunua. Kila punje na nyumba yake. Akaonja, akatazama mbinguni, akampa Bi Tatu lile koleo akalitumie kwake.

Daktari naye kasema kifua si kipya, ila kimetulia, na akiendelea hivi hana ugomvi naye.

Nilichojifunza mimi nisiyesoma: ninyi vijana mnaobuni mambo, maswali ni mazuri, lakini hudhurieni na shughuli yenyewe mpaka sinia zinaoshwa. Chombo cha kumsaidia mtu kinaweza kumuua kwa kitu ambacho hakuna aliyeona haja ya kukitaja. Na sisi tunaoletewa tuseme yote, hata lile unaloona kila mtu analijua. Mtoto wa Mbeya atalijulia wapi?

Na kikiharibika, msikimbilie kutafuta aliyekosea. Kaeni chai ipoe.

Haya, uwanja wenu. Kwenu mmeletewa chombo gani cha kisasa mkakitumia kwa mkono wa zamani? Shusheni hapa, na wenye mama na dada bado wako kwenye moshi semeni mnafanyaje, tusaidiane.

Mimi nawasoma nikiwa hapa uani. Dada anapika shughuli ya jirani na anaimba. Sauti yake wakuu haijapata kukaa sawa hata sehemu moja, kuku wamehama na paka kaomba ruhusa. Lakini anaimba ubeti mzima mpaka mwisho wake, hakohoi, anaanza mwingine, na hakuna mtu ndani ya nyumba hii anayethubutu kumwambia anyamaze.