Dada Aliyekuja Kutembea

"Mwalimu, wewe umekuja kutembea au umehamia?"

Jirani wa mlango wa pili alimuuliza dada yangu hivyo kwenye ngazi, siku alipomkuta amesimama kuvuta pumzi, mtoto mgongoni, kapu mkononi.

"Nimekuja kutembea," dada akajibu.

"Basi matembezi yako marefu, shoga yangu. Nilipohamia nilikukuta, na mgongoni ulikuwa na mtoto mwingine."

Hakukosea. Dada alikuja mjini mwaka uleule aliostaafu ualimu, na begi moja dogo, kumlea mjukuu wa kwanza ili mkwewe, mke wa mwanawe, arudi kazini. Alisema mtoto akishaanza kukaa, ataondoka. Mtoto akakaa, akatambaa, akatembea, akazaliwa wa pili. Wa pili akaachishwa ziwa, akaja huyu wa tatu, tuliyempachika jina Bwana Mkubwa kwa sababu hali mpaka bibi ashike kijiko.

Mimi ni kitinda mimba kwetu. Dada ndiye aliyenifundisha kusoma, katika shule ya kijijini alikofundisha darasa la kwanza mpaka mwisho wa kazi yake. Nyumbani nilimwita Dada, darasani Mwalimu, na siku nikijisahau, darasa zima linacheka. Hakuwa mtu wa kukupa jibu. Ukikwama kwenye hesabu, anakusogezea vijiti, kimoja kimoja, ananyamaza, anakungoja mpaka ulione mwenyewe. Watoto wazito walifunguka akili mikononi mwake kwa kungojwa tu.

Na kwa mwanawe akafanya vivyo hivyo: akangoja aone mwenyewe.

Nilipokwenda kumsalimia, niliona maisha yake yameishia kwenye vyumba viwili na jiko, ghorofa ya tatu. Dirisha la jikoni linatazama ukuta wa nyumba ya jirani na bomba linalovuja. Hakuna aliyemfungia. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari karibu na mlango. Ila mtoto amelala, sufuria iko motoni, wakubwa wanakaribia kutoka shule, na magoti hayataki ngazi. Tena hao wakubwa walijua kusoma kabla ya kuanza shule. Mkwewe akamsifia kwa mawifi zake, nao likizo wakaanza kumletea na wa kwao.

Jioni tukala pamoja. Dada akasema, kama anayejisemea, "Huko nyumbani mvua zitakuwa zimeshaanza."

"Hata huku, Mama," mwanawe akasema. "Ukitoka chukua mwamvuli."

Dada akangoja kidogo. "Sijui kama lile bati la upande wa jikoni litahimili."

"Nitatuma fundi. Usiumize kichwa."

Mkwewe akacheka. "Mama naye. Nyumba tupu anaiwaza kuliko sisi."

Dada akacheka nao, akampangusa mtoto mdomo. Mwanawe si mtu mbaya. Dawa ya magoti haikukosekana, na mchana lazima apige simu kuuliza kama mama amekula. Kwa alivyojua yeye, mama yake yuko peponi.

Tulipoingia chumbani, anakolala na wajukuu, nikamwambia taratibu, "Dada, huyu mwanao somo limemshinda."

"Ataelewa. Ni mzito tu, tangu utotoni."

"Miaka yote hii? Angekuja mkaguzi darasani, angemwandikia nini mwalimu wa namna hiyo?"

Akatabasamu kidogo, tabasamu likapotea. "Nikisema, wataona siwapendi. Na hawa watoto je? Nisiposema, mdogo wangu, nitakufa nikitazama ule ukuta."

"Mungu anauona moyo wako. Mwanao hauoni mpaka umwambie."

Tukasali, Bwana Mkubwa amemlalia Dada mkononi, naye hakuuvuta mkono mpaka ukafa ganzi.

Asubuhi akamwita mwanawe kabla hajaenda kazini, akamwambia akae. Mkwewe naye akasimama mlangoni, mkoba begani. Kwa msaada wa Mungu Dada alirudi kwake msimu uleule, na ni huko Mungu alikomchukua, wajukuu wakimfuata kila likizo. Msibani wengi walisimulia aliyowafundisha. Mimi nayakumbuka maneno ya asubuhi ile, aliyoyasema bila kuzunguka:

"Mwanangu, nawapenda watoto wako, nawe unajua. Lakini nimechoka, na nataka kurudi kwangu. Tafuta mtu wa kumlea mtoto, halafu unipeleke nyumbani."