Uwimana Akataa Sori

Uwimana alikuwa na kibanda pembeni mwa soko la Kibondo, upande wa njia ya hospitali, na kazi yake ilikuwa kutunza mizigo ya watu. Chai aliuza pia, na vitumbua, lakini hiyo ilikuwa nyongeza tu. Mtu akishuka kwenye gari kutoka Nyabibuye na mgonjwa wake, alimwachia Uwimana gunia, kuku, hata mtoto, akaenda zake roho safi. Akirudi anakuta kila kitu, na kuku kapewa maji. Kibanda hakikuwa na mlango wala kufuli. Watu waliliamini jina la Uwimana, basi.

Siku moja ya soko Shamsi, muuza vitenge, alikuja kuchukua mafurushi aliyoyaacha asubuhi. Akakuta matatu. Akasema aliacha manne.

"Baba, uliniachia matatu," Uwimana akamwambia. "Ukasema mwenyewe, niangalizie haya matatu."

Shamsi hasira zake ziko karibu. Akapanda juu ya kreti ya soda, soko limefurika, akapaza sauti: "Jamani, mnaomwachia huyu mama mizigo, mjue ni mwizi! Mwizi wa mchana kweupe!"

Lo! Watu walikuja mbio kuchukua vitu vyao. Kuruthumu, mwanamke aliyekuwa akimwachia kapu lake la vifaranga miaka yote, alichutama akavihesabu kimoja kimoja mbele ya macho ya Uwimana. Hilo lilimchoma kuliko lile neno lenyewe. Kesho yake benchi la kibandani lilikuwa tupu, na kesho kutwa vilevile.

Furushi la nne likaonekana. Halikuwahi kutoka Kasulu! Lilikuwa nyumbani kwa Nurudini, shemeji yake Shamsi, limekaa nyuma ya mlango, Shamsi alipolisahau mwenyewe. Nurudini akalileta Kibondo huku anacheka, na habari ikatembea sokoni kwa minong'ono. Yaani kuitwa mwizi ni kwa kelele, kusafishwa ni kwa kunong'onezana! Waliosikia walisikia, na waliotoka mbali walikwenda na lile la kwanza.

Naye Shamsi? Alipita na gari lake, akateremsha kioo nusu, akasema, "Mama, sori eh." Akapandisha kioo.

Sori! Utingo akikukanyaga kidole, sori. Nesi akikudunga sindano, sori. Kijana anataka kupita mlangoni, sori. Anataka kumwanza binti wa watu, sori dada, naomba kuuliza. Simu ikikwaruza, sori, ulikuwa unasemaje? Mtu kafiwa na mama yake mzazi, anatumiwa sori kwenye simu na kikatuni kinacholia. Uwimana hakuwa na ugomvi na neno hilo. Yeye mwenyewe akimmwagia mteja chai husema sori, akachukua kitambaa akafuta meza. Lakini ile ni chai, jamani. Chai inafutika.

Asubuhi iliyofuata Shamsi akapita kwa miguu, mchangamfu kama hakuna lililotokea. "Mwakeye, mama!" akamwamkia kwa Kiha.

Uwimana akanyamaza. Akaendelea kupuliza moto wake.

Watu walishtuka kuliko siku ile alipoitwa mwizi. Muha huitikia kwanza salamu ya adui yake, ndipo wagombane. Kuiacha salamu ya mtu mzima ikining'inia hewani, hapana, hilo halijazoeleka. Anania, mwenyekiti wa soko, akaja mbio.

"Mama, mtu kashasema sori. Unataka nini tena, akupigie magoti?"

"Nataka apande kreti."

"Kreti gani?"

"Ileile. Siku ya soko, na sauti ileile."

"Utamwaibisha mtu mzima!"

"Kwani mimi ni mtoto?"

Anania akaondoka. Jioni Shamsi akatuma kitenge kipya, kimefungwa vizuri kwenye mfuko. Uwimana hakukikunjua. "Kirudisheni," alisema. "Nguo aliyonivua sokoni si hii."

Tusidanganyane, moyoni aliogopa. Vitumbua vililala. Aliwaona wanawake wa kwao wakipita na mizigo kichwani, wakienda kupanga nayo foleni hospitalini, na alitamani awaite kwa majina. Kuna asubuhi aliamka ameamua kuikubali ile sori yaishe, ale. Kisha akamkumbuka Kuruthumu na vifaranga, na akasema la, hata nikila nyasi.

Na ni Kuruthumu huyohuyo aliyefuata. Aibu ya vile vifaranga ilikuwa haijamtoka. Shamsi alimsalimu mbele ya meza ya vitenge, naye akageuza uso, akapita. Baadaye muuza mchicha. Kisha mama wa dagaa. Shamsi akawa anaamkia upande huu na upande ule, "Mwakeye! Mwakeye!", na hakuna anayeitikia. Sasa mwambie, asiyeitikiwa salamu na wanawake atamuuzia nani kitenge?

Siku ya soko iliyofuata, asubuhi watu wakiwa wamejaa, Shamsi akaja na kreti mkononi. Akapanda. Akasema kitu ndani ya ndevu.

"Sisikii!" Uwimana alisema.

"Mama Uwimana si mwizi!" Shamsi akapayuka. "Furushi nililisahau mwenyewe Kasulu! Nilimsingizia, nimekosa!"

Akashuka, kofia ameishika mkononi, akasimama mbele ya moto wa chai. "Mwakeye, mama."

Uwimana aliweka birika chini. Kisha akaitikia, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mchicha. Kuruthumu akapenya katikati ya watu, akasukuma kapu la vifaranga chini ya benchi, akaenda zake hospitalini bila kuangalia nyuma.

Shamsi akavaa kofia, akachukua kreti yake. "Haya mama," alisema akiondoka, "sori eh."

"Hiyo kaa nayo, baba," Uwimana akamjibu. "Utakanyaga mtu njiani."