Kitufe cha Kuhamisha Do

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo mpaka leo sijaisahau. Nimesikia unataka kufungua darasa la vinanda huku kwetu Uru. Basi kaa, kunywa chai, nikusimulie aibu yangu kabla hujaitafuta ya kwako.

Ilikuwa miaka ile kahawa imeshuka bei na watu wanang'oa mibuni. Nilikuwa nakaribia miaka thelathini, nimejifunza kinanda kwa masista mjini Moshi, nikarudi kwa mama na kinanda kidogo cha umeme. Nikatangaza kwamba nafundisha muziki nyumbani. Watu walinicheka. Muziki unafundishwa kwenye kwaya, bure, sasa huyu anatuuzia nini? Nikapata wanafunzi watano. Kila Jumamosi nilisimama dirishani tangu asubuhi nikiwaza kama watakuja. Msimu wa kuchuma kahawa walikuja wawili tu. Roho ilikuwa juu juu.

Sasa sikia ujinga wangu. Kinanda changu kilikuwa na kitufe cha kuhamisha do, ile noti ya msingi. Ukikibonyeza, mtoto anapiga vibao vilevile vyeupe, lakini wimbo unatoka juu zaidi au chini zaidi, kadiri kwaya inavyotaka. Kumfundisha mtoto aanzie do mahali pengine, na vile vibao vyeusi, ni kazi ya miezi mingi, na mimi nilitaka wazazi waone faida upesi. Kweli waliona. Muda si mrefu mtoto anapiga wimbo mzima. Nilijiona fundi, we acha tu.

Theresia, binti wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyewazidi wote. Paroko akakubali apige wimbo wa kuanzia misa ya kipaimara. Baba yake, jirani yetu, mtu mkimya, akaniambia, "Mwalimu, wenzangu wanasubiri kuona siku hiyo ndipo walete watoto wao." Nikaelewa. Ikiharibika, darasa limekufa.

Asubuhi ile umeme ukakatika watu wakiwa wamejipanga mlangoni. Mzee Aloisi, mwalimu wa kwaya, akafunua kinanda cha zamani cha kukanyaga kwa miguu, akamwambia Theresia akae. Kile hakina kitufe. Nilijua papo hapo kitakachotokea. Nilisimama kando ya nguzo, wala sikumwonya Mzee Aloisi. Mtoto akaanzia pale pale nilipomfundisha, chini mno. Wanaume wakaunguruma, sauti za akina mama zikapotea kabisa. Theresia akaacha katikati ya ubeti, akanitafuta kwa macho. Nikatazama sakafu. Mzee Aloisi akaupandisha wimbo kwa mdomo, kwaya ikaendelea bila kinanda.

Misa ilipokwisha baba yake akaniuliza, "Imekuwaje?" Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Hakufanya mazoezi ya kutosha, Baba Theresia." Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama hapo, na gauni lake jipya.

Mzee Aloisi alinisikia. Akanirudisha ndani, akanikalisha kwenye kinanda kile. "Piga wimbo uleule. Do iwe hapa," akaweka kidole. Nikajaribu, nikakosea. Nikaanza upya, nikakosea tena. Miaka ya kutegemea kitufe ilikuwa imenipotezea hata kile nilichopewa na masista. Hakunifokea. Akasema, "Hukumfundisha kwa sababu hujui. Hilo linatibika. Lakini umemsingizia mtoto, binti yangu, na baba yake amekuamini. Nenda sasa hivi."

Sikwenda. Nilikaa siku mbili nikipanga maneno, nikiogopa wazazi watasemaje. Jumanne ndipo nikamfuata baba yake Theresia, nikamkuta anakata majani ya ng'ombe, nikamwambia yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka panga chini. "Mimi nimeshamchapa," akasema. "Kamwambie mwenyewe."

Theresia alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikamwomba radhi. Akajibu kwa adabu, "Yamekwisha, mwalimu," akaendelea kumenya. Hakurudi darasani. Nilibaki na wanafunzi wawili, nikaanza kujifunza upya kwa Mzee Aloisi, mtu mzima kama mimi, na ilichukua miaka mingi darasa kujaa. Leo Theresia ana watoto wakubwa. Tukikutana njiani tunasalimiana vizuri. Ila wimbo ule ukianza kanisani, yeye haimbi. Anakaa kimya mpaka uishe, nami namwona.

Kwa hiyo, mwanangu, usimfundishe mtu njia ya mkato ambayo wewe mwenyewe huwezi kutoka humo. Wazazi watakusumbua wakitaka matokeo ya haraka. Waambie ukweli kwamba kazi hii ni ya pole pole, na anayeondoka aondoke. Hofu ya kukosa wanafunzi utakuwa nayo, mimi ninayo hata sasa, lakini isikusemee. Na siku mwanafunzi wako akikwama mbele za watu, kubali kosa lako saa ileile, kabla mtoto hajafika nyumbani. Ukingoja siku mbili, utakuta ameshalilipia yeye.

Haya, nenda. Ruwa, Mungu wa wazee wetu, akubarikie mikono na ulimi wako, na kila mtoto atakayeingia mlangoni kwako atoke akiwa bado anapenda kuimba.