Mikono ya Marehemu Mama
Mnyoosha migongo alifundishwa kazi na marehemu mama yake, aliyekuwa akimkamata vifundo vya mikono kila alipotaka kukosea. Mchana mmoja wifi yake, mja mzito, alilala ubavu kitandani.

“Bonyeza kiunoni, wifi. Mgongo umekuwa wa ajuza, na kaka yako anacheka tu!”

Kabla hajabonyeza, vidole vya baridi vilimkamata vifundo, vikamvuta nyuma. Chumbani walikuwa wawili tu.

“Umeona maji yoyote yakikutoka?” mnyoosha aliuliza.

“Tangu asubuhi. Nilidhani mkojo.”

Alimkimbiza hospitali, na daktari akamwahi mtoto akiwa hai. Mnyoosha migongo aliponyoosha mikono kumpokea, wifi alishtuka.

“Alama hizo vifundoni! Nani kakufinya?”

Alishusha mikono ya gauni lake. “Mama.”