Redio ya Baba, Gitaa la Hans

Asubuhi ambayo kaka yangu Hans alitoka nyumbani asirudi, Baba alikuwa amefungulia redio mpaka vikombe vinatetemeka kabatini.

Siyo utani. Vilikuwa vinagongana vyenyewe.

Hans naye, chumbani kwake, alikuwa amewasha spika yake. Nyumba moja ya Kijenge, hapa Arusha, inapiga nyimbo mbili kwa mpigo, watu hata chai hawajanywa. Jirani yetu alisimama getini na kanga begani, akauliza kama kuna mtu amekufa.

Hakukuwa na mtu aliyekufa. Bado.

Naitwa Anjela. Niliishia kidato cha nne na sijawahi kuandika kitu kirefu. Naandika haya kwa sababu sauti ya kaka yangu imeanza kunipotea, na kwa sababu kuna watu hapa mjini bado wanasimulia kifo chake vibaya.

Nianze na Baba.

Mzee Aminiel ni fundi wa magari ya utalii. Gereji yake iko mbele ya nyumba yetu. Madereva wa safari walikuwa wanaziruka gereji zenye kompyuta wanakuja kwake, na walichokifuata ni sikio lake.

Baba hakuwa mtu wa kufungua gari ovyo. Anakwambia, "Washa." Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho kama mtu anayesali. Akifumbua, anakutajia ugonjwa.

Miaka ya karibuni alibadilisha mtindo. Mpini akawa anauuma kwa meno.

Madereva walicheka. "Mzee siku hizi anaonja injini!"

Na sisi tulicheka. Tuliona ni mbwembwe za fundi mkongwe.

Mbali na injini, Baba alipenda nyimbo za zamani za gitaa kavu. Ujanani alikuwa dereva wa mmisionari mmoja Mjerumani, na yule mzungu aliporudi kwao alimwachia boksi zima la kanda. Ni nyimbo za taratibu, mtu mmoja na gitaa lake, anaimba habari za treni, za mto, za mama aliyeachwa kijijini. Kiingereza cha Baba kilikuwa cha gereji tu, lakini kila wimbo alikuwa anauimba mwanzo mpaka mwisho.

Hans alikuwa dereva wa watalii. Mgeni mmoja alimwachia flashi iliyojaa rock ya zamani. Magitaa ya umeme yanayolia kama msumeno, na ngoma nzito nyuma yake.

Kaka yangu akapagawa. Akatafuta gitaa la umeme la mtumba, wakawa wanapiga yeye na rafiki yake Ludovick wa Sombetini.

Hapo ndipo vita ilipoanza.

"Zima hayo mashetani!"

"Mshua, hawa ni rika lako," Hans anajibu. "Huyu unayemwita shetani ana wajukuu. Nyimbo zako na zangu zimerekodiwa miaka ileile!"

"Mimi nasikiliza muziki. Wewe unasikiliza ajali."

"Zako mtu anasinzia mpaka anaanguka kwenye kiti."

Mama anatoa kichwa jikoni. "Nyie wawili mtaniua kwa nyimbo za wazungu ambao hata hawatujui."

Baba akipandisha redio, Hans anapandisha spika. Kila mwaka Baba alipandisha zaidi. Hans aliona mzee anashindana naye, na moyoni nadhani alifurahi.

"Mshua noma sana," aliniambia siku moja. "Uzee wote ule hataki kushindwa."

Turudi asubuhi ile.

Hans alikuwa anakwenda Karatu kuchukua wageni. Kabla hajaondoka alimfuata Baba gereji. Mimi nilikuwa nafagia uani, niliwasikia wote wawili.

"Mshua, kuna kitu kinalia nyuma, upande wa kulia. Nikikimbiza kidogo kinaanza, kama mbu. Hebu nisikilizie."

Baba akachukua bisibisi yake, wakapanda, wakazunguka mpaka Njiro. Waliporudi, Baba alishuka anafuta mikono kwa kitambaa.

"Hakuna kitu."

"Mshua, hata sasa hivi kilikuwa kinalia."

"Nimesikiliza. Beringi ya gurudumu ni nzima. Kinacholia ni masikio yako. Hizo kelele zako zimeshakuharibu."

Hans akacheka. Akakubali.

Nani Arusha hii angebishana na sikio la Mzee Aminiel?

Akaniambia, "Dogo, bakuli langu la loshoro asiguse mtu." Akawasha gari, akafungulia rock yake, akapiga honi mara mbili kama kawaida yake. Akaenda.

Gurudumu la nyuma la kulia lilichomoka alipokwisha kuipita Makuyuni. Gari likabingirika. Alikuwa peke yake.

Watu waliofika wa kwanza walisema redio ya gari ilikuwa bado inapiga.

Maneno hayo yalitangulia kufika Kijenge kabla ya mwili. Msibani yakawa ndiyo habari yenyewe. Na aliyeyapa nguvu ni Baba.

"Beringi haifi kimyakimya," aliwaambia waombolezaji. "Inalia kwanza. Angesikia. Lakini utasikiaje wakati umejaza gari makelele? Rock ndiyo imemuua mwanangu."

Watu wakatikisa vichwa. Vijana wa siku hizi, wakasema.

Mimi nilikuwa namimina chai. Nilijua Hans alisikia. Alisikia na akasema. Sasa anazikwa kama mpumbavu aliyejiua kwa nyimbo.

Kitu ambacho sikukielewa ni Baba. Sikio lile lilikosaje kusikia?

Ludovick alikuja kumwona Baba. Alivua kofia tangu getini.

"Shikamoo, Mzee."

Baba alikuwa anamtazama mdomoni. "Marahaba."

"Tunaomba nafasi kidogo tu pale kaburini. Kuna wimbo wa Hans, aliutunga mwenyewe. Tutaupiga taratibu, Mzee, haki ya Mungu."

"Hiyo ndiyo iliyomuua. Haitamzika."

Ludovick alinifuata jikoni, machozi yamemlenga. Nikamweleza nilichokisikia uani.

"Sasa si useme, Anje!"

"Nimwambie nani? Baba yangu, mbele ya jeneza la mwanawe?"

Akavaa kofia yake, akatoka.

Tulimzika kwetu Umeruni, kwenye migomba, karibu na babu. Mlima ulikuwa umefunikwa na wingu, huuoni kabisa. Akina mama wa kwaya ya usharika walisimama nyuma yetu. Kwaya hiyohiyo, Baba aliiimbia besi miaka mingi kabla ya kujitoa akisema koo limechoka.

Jeneza liliposhushwa wakaanza kuimba. Waliimba chini kwa chini, sauti nyembamba zile zinazokupasua kifua. Ubeti wa kwanza ukaisha, wakaingia wa pili.

Baba alikuwa ameinamisha kichwa, macho yako shimoni. Akaniinamia. Yeye alidhani ananong'ona, lakini aliongea mpaka mchungaji akageuka.

"Anjela, mbona hawaanzi?"

"Nani, Baba?"

"Kwaya. Wanasubiri nini? Waambie waimbe, mtoto asizikwe kimya hivi."

Wale mama waliendelea kuimba. Mmoja wao akaanza kulia hapohapo. Nilimsikia mtu nyuma yangu akisema, "Maskini, uchungu umemvuruga akili."

Mimi nilijua akili yake ni nzima.

Vikombe vinavyotetemeka kabatini. Bisibisi kwenye meno, apate mtetemo. Koo lililochoka. Namna alivyomtazama Ludovick mdomoni. Vyote vilinijia kwa pamoja.

Baba akageuka nyuma. Akaiona ile midomo inafumbua na kufumba. Kisha akaniona mimi namtazama.

Akachukua udongo, akatupia, akasogea pembeni.

Ndugu walipokwisha kutawanyika, nilimkuta gereji amekaa juu ya tairi, amenipa mgongo.

"Baba."

Hakugeuka.

"Baba!"

Hakugeuka. Nikamgusa bega, akashtuka.

Nikakaa mbele yake ili anione mdomo. "Tangu lini?"

"Zinaanza kuondoka zile nyembamba," akasema. "Ndege. Birika likichemka. Halafu sauti za wanawake. Sauti ya mama yako sijaisikia vizuri siku nyingi, namsoma tu."

"Na kanda zako?"

"Nafungulia mpaka mwisho, napata kidogo. Nyingine naimba kwa kukumbuka."

"Kwa nini hukusema?"

"Fundi asiyesikia ni nani, Anjela? Ni mzee mwenye spana, basi."

Nikaogopa kuuliza lililofuata, lakini nikauliza.

"Hans alikwambia inalia."

"Aliniambia."

"Ukamwambia ni masikio yake."

Baba akaitazama mikono yake. "Ugonjwa ulikuwa wangu," akasema. "Nikampa yeye."

Sikumkumbatia. Nisidanganye hapa. Niliinuka nikaingia ndani, na siku hiyo sikula naye.

Jumamosi iliyofuata Baba mwenyewe alinituma nimwite Ludovick, aje na gitaa la Hans, na nitoe ile spika chumbani. Madereva nao aliwaita. Walipojaa gerejini akasimama, mkono mmoja umeshika mlango wa gari bovu.

"Nilisema msibani kwamba mwanangu hakusikia. Hans alisikia. Akaniletea gari nimsikilizie. Mimi ndiye sikusikia, kwa sababu sisikii. Nendeni mkaseme hivyo mtaani kama mlivyosema lile la kwanza."

Mama alijifunika uso kwa kanga.

"Haya," Baba akamwambia Ludovick. "Piga."

Ludovick akaweka ngoma za wimbo wa Hans walizozirekodi, kisha yeye akapiga gitaa juu yake. Baba alichukua bisibisi yake, akagusisha ncha kwenye boksi la spika, akauma mpini, akafumba macho.

Tukasubiri.

Akautoa mdomoni. "Ngoma naipata. Gitaa liko wapi?"

"Linapiga, Baba."

"Ongeza."

Ludovick akaongeza. Bati likaanza kutetemeka. Jirani yetu akafika getini, akachungulia, akaondoka bila neno.

Baba akauma tena mpini, kwa nguvu, mishipa ya shingo imesimama. Mate yalikuwa yanamtoka.

"Silipati," akasema. "Hans, silipati."

Ludovick alipiga mpaka mwisho. Baba hakulipata.

Wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu kuna mzee anayefungulia redio mpaka majirani wanalalamika, acha kugombana naye kuhusu nyimbo. Simama nyuma yake, mwite jina lake polepole, uone kama atageuka. Na wewe mzee, ukianza kuwakosa ndege, sema. Hakuna atakayekucheka. Na akikucheka, heri kicheko.

Madereva wengi wamehama. Wachache bado wanakuja, na Baba bado ana mikono yake. Gari likiingia, mimi ndiye ninayeshika bisibisi na kuweka mpini sikioni. Yeye anakaa mbele yangu, ananitazama mdomoni, anauliza inalia kama nini. Namwambia. Anafungua.

Jana lilikuja gari moja, nyuma kulia inalia kama mbu. Tukabadilisha beringi.